Kukumbuka Nako ni Kazi

Miadi yangu ilikuwa saa tatu kamili asubuhi, katika ofisi moja ambako nilikuwa nikifuatilia hati yangu kwa miezi. Sikutaka mchezo. Niliamka saa kumi na moja, nikaoga, nikavaa, na kabla ya saa moja na nusu nilikuwa tayari kuondoka. Nikanyoosha mkono mezani kuchukua funguo. Hazipo. Nikapapasa mifuko ya suruali ya jana, nikainua mito, nikaumwaga mkoba wote kitandani, kisha nikarudi mezani kutazama palepale nilipokwisha kutazama. Nilizikuta baada ya zaidi ya nusu saa, juu ya friji, zimelaliwa na bahasha. Nikatoka mbio. Nilipofika, jasho likinitiririka mgongoni, mhudumu aliniomba kitambulisho. Nikaingiza mkono mkobani, nikakikosa. Kilikuwa kimebaki kitandani, pale nilipoumwaga mkoba nikitafuta funguo.

Nikaambiwa nirudi wiki inayofuata.

Njiani kurudi nyumbani nilianza kujisomea mashtaka niliyoyazoea: mzembe, huna mpangilio, mtu mzima mzima. Lakini safari hii mashtaka hayakushika. Mzembe gani anaamka saa kumi na moja? Nilikuwa nimejitahidi kwa kila namna na bado nimekwama. Nikajaribu kuyahesabu mambo yaliyokuwa yakizunguka kichwani tangu nilipofumbua macho: nilipie umeme kabla haujakatwa, nichukue viatu kwa fundi, nimpigie dada yangu, nimeze dawa, nimjibu yule aliyeniandikia tangu juzi, ninunue balbu ya chooni. Hakuna hata moja lililokuwa zito. Ila yote yalikuwa yakipiga kelele kwa wakati mmoja, na katikati ya kelele hizo kitambulisho hakikupata nafasi ya kusikika.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini jambo ambalo ndilo lililonikalisha hapa kuandika: mara nyingi kinachotuchosha katika maisha ya kila siku si kazi yenyewe, ni kuikumbuka kazi. Kuosha vyombo ni dakika kumi. Kushinda kutwa nzima ukijua kuna vyombo havijaoshwa ni mzigo wa kutwa nzima. Ukitaka maisha yapungue uzito, usianze kwa kujitia nguvu zaidi. Anza kwa kupunguza vitu ambavyo kichwa chako kinalazimika kuvishikilia.

Kisa kimoja kilinipa faraja kubwa nilipokisoma baadaye. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, ndege mpya kubwa ya kivita ya Boeing ilipaa kwa majaribio, ikapanda juu mno kwa ghafla, ikashindwa kuelea hewani na kuanguka. Watu wawili walikufa kwa majeraha. Uchunguzi ulionyesha kwamba kufuli linalozuia sehemu za mkiani zisipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa halikuwa limefunguliwa. Aliyekuwa akiirusha hakuwa mwanafunzi. Alikuwa rubani mzoefu. Ndege ile ilikuwa na mambo mengi ya kushughulikia kuliko yale ambayo kichwa kimoja kinaweza kuyashika kwa uhakika. Dawa iliyopatikana ilikuwa karatasi: orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kupaa, ambayo kila rubani, awe mgeni au mkongwe, aliipitia. Ndege ileile, iliyokuja kujulikana kama B-17, iliundwa kwa maelfu baada ya hapo. Leo hata madaktari wa upasuaji wanatumia orodha ya namna hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu katika hospitali 8 za nchi 8, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kama daktari aliyesomea kazi yake kwa miaka mingi haoni aibu kusoma karatasi kabla ya kushika kisu, mimi naona aibu ya nini kubandika yangu mlangoni?

Lakini karatasi ilikuja baadaye. Cha kwanza kilikuwa msumari.

Mama yangu alikuwa na msumari mmoja kwenye fremu ya mlango, usawa wa bega lake, na hapo ndipo funguo zilipoishi. Alikuwa akiingia hata kama amebeba mizigo mikono yote miwili, atatua mmoja, atatundika funguo, ndipo atasalimia. Sisi watoto tulikuwa tukiona ni ukali tu. "Mwanangu, kitu kisicho na kwao utakitafuta mpaka uzeeke," alikuwa akiniambia kila nilipopoteza kalamu au soksi ya pili. Nilisikia, sikuelewa. Siku ile niliporudi kutoka ofisini niliazima nyundo kwa jirani.

Kwa kweli nilikuwa nimewahi kujaribu kabla. Nilinunua kisanduku kizuri cha mbao, nikakiweka juu ya kabati chumbani, nikajiambia kuanzia leo funguo zitakaa humo. Hazikukaa hata wiki. Baadaye nilielewa kwa nini: hakuna mtu anayefika chumbani akiwa bado ameshika funguo. Anafungua mlango, anaingia, mkono unatafuta pa kuzitua, na pa kwanza panapopatikana ndipo zinapobaki. Mahali pa kitu hapachaguliwi kwa uzuri, panachaguliwa kwa njia ambayo mkono unapita tayari. Nguo zangu chafu nazo zilikuwa zikirundikana kwenye kiti kilicho karibu na kitanda, ilhali kikapu kiko bafuni. Kwa miaka nilikuwa nikigombana na kile kiti. Siku moja nikakiondoa, nikaleta kikapu palepale kilipokuwa. Ugomvi ukaisha. Nikitaka kujua kitu kikae wapi siku hizi, siketi kufikiri. Nakaa siku tatu nne nikitazama kinaangukia wapi chenyewe.

Msumari nao ulinifundisha mengine. Siku za kwanza nilikuwa nikiusahau kabisa, natupa funguo mezani, nafika jikoni, nakumbuka, narudi. Nilijilazimisha kurudi kila mara, hata kama nimekwisha vua viatu. Baada ya wiki kadhaa nikajikuta nimesimama katikati ya sebule na funguo zimekwisha tundikwa, wala sikumbuki kuzitundika. Mkono ulikuwa umejifunza. Kile kidude kidogo cha kukumbuka funguo kilikuwa kimeondoka kichwani na kwenda kukaa kwenye fremu ya mlango.

Wanaochunguza tabia za watu wanalijua hili vizuri. Mwaka 2002 Wendy Wood na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliandika kila saa walichokuwa wakifanya, na ikaonekana kwamba karibu asilimia 43 ya matendo yao yalikuwa yaleyale, mahali palepale, karibu kila siku, mara nyingi huku mawazo yakiwa kwingine kabisa. Karibu nusu ya siku yetu inajiendesha. Swali ni nani aliyeipanga hiyo nusu: wewe, au bahati tu ya mahali kiti kilipowekwa.

Nataka niseme neno juu ya siku 21, kwa sababu hesabu hiyo ilinivunja moyo mara nyingi. Utasikia kila mahali kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Asili yake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura yao mpya. Njiani neno "angalau" likadondoka, na sura mpya ikageuka kuwa kila kitu. Nilikuwa nikianza jambo, nahesabu, siku ya ishirini na mbili inafika na bado nalisukuma kwa nguvu, naamua kwamba mimi siwezi. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kuzoea jambo moja dogo la kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Lililonigusa zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Nilikuwa nikiruka siku moja na kuacha kabisa, kana kwamba nimevunja chungu. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na sisi huwa tunaisikia taabu ya kuyaacha tu. Kuyaanza nako kuna taabu yake, nayo ina muda wake, na huo muda si kipimo cha ubora wa mtu.

Badiliko lililonisaidia kuliko yote, hata kuliko msumari, ni kuihamisha asubuhi kwenda usiku. Mtu aliyeamka sasa hivi si mtu wa kupewa maamuzi. Ubongo hauamki kwa pamoja na macho. Kwa wengi huchukua nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, mpaka ukungu wa usingizi uondoke. Na huyo mtu mwenye ukungu ndiye tunayemtaka achague shati, atafute soksi, akumbuke kitambulisho na kuamua aanze na kazi gani. Namwonea huruma siku hizi. Kwa hiyo usiku, nikishamaliza kula na kabla sijaketi tena, namfanyia kazi zake. Natoa nguo yote, na ninaposema yote namaanisha mpaka mkanda na soksi, kwa sababu kinachochelewesha huwa si shati, ni soksi. Ninaiangalia kama ina kifungo kilicholegea au doa. Usiku bado kuna muda wa kubadilisha, asubuhi hakuna. Simu naichomeka kwenye soketi ileile, mbali na kitanda. Mkoba naufunga na kuuegemeza mlangoni, chini ya msumari, kiasi kwamba siwezi kufungua mlango bila kuusogeza. Kama kuna kitu cha pekee cha kwenda nacho kesho ambacho hakiwezi kuingizwa mkobani usiku, naandika jina lake kwenye karatasi na kuichomeka ndani ya kiatu. Sijawahi kusahau kitu kilichokuwa ndani ya kiatu.

Kisha naandika ya kesho. Mistari mitano sita kwenye daftari dogo, kwa penseli iliyofungwa kwa uzi ili isipotee. Nilianza hili kwa sababu ya usingizi, si kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nikilala chali gizani, na mambo yanakuja foleni: balbu, fundi, dada. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliripoti mwaka 1927 kwamba mambo tuliyoyakatiza yanang'ang'ania kichwani kuliko tuliyoyamaliza. Viporo havilali. Ila haihitajiki uvimalize ndipo vinyamaze. Mara nyingi inatosha uviandikie mpango. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwaweka vijana 57 maabara ya usingizi, nusu wakaandika kwa dakika tano mambo waliyokuwa nayo mbele yao, nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa, na walioandika kwa undani zaidi walilala upesi zaidi. Kwangu mimi jambo la muhimu ni huo undani. "Fundi" hainyamazishi kitu. "Fundi, saa kumi, nikitoka kazini, nibebe risiti" inanyamazisha.

Kuna mambo mengine ambayo hayana mahali wala saa, hayo huwa nayafunga kwenye kamba ya jambo ambalo tayari nalifanya. Nilikuwa nasahau dawa zangu siku mbili kati ya tano. Kengele ya simu haikunisaidia. Ilikuwa ikilia nikiwa barabarani, naizima, basi. Nikahamisha kopo la dawa na kuliweka kando ya mswaki, nikajipa sentensi moja: nikishaweka mswaki chini, nameza dawa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza sentensi za namna hii, zenye "nikifanya hili, ndipo nafanya lile", na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba zinawasaidia watu kutimiza walichokusudia kuliko nia tupu. Nia inasema "nitakuwa nakunywa dawa". Sentensi inasema lini, wapi, na baada ya nini. Mswaki ndio unaokumbuka.

Na mlango? Kwa miaka nilikuwa nikifika kituoni moyo unanidunda: nimefunga au sijafunga? Pasi nimechomoa? Nilijifunza dawa kwa watu wa reli wa Japani. Huko madereva wa treni na walinzi wa majukwaa, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, wana utaratibu wa kuonyesha kwa kidole kile wanachokikagua na kukitamka kwa sauti. Jaribio lililofanywa na taasisi yao ya utafiti wa reli mwaka 1994 lilionyesha makosa yakipungua kwa takriban asilimia 85 mtu anapoonyesha na kutamka kwa pamoja. Basi nikiondoka nashika kitasa, naelekeza kidole, nasema: "Nimefunga mlango, Jumanne." Siku lazima iwepo, maana bila hiyo kumbukumbu ya leo inachanganyika na ya jana. Jirani alinikuta siku moja nikifanya hivyo, akatabasamu. Sasa naye anafanya.

Yote haya niliyafanya kwa ajili yangu, na kwa muda nilijiona nimefika. Nyumba yetu ilikuwa inakwenda vizuri. Sabuni ipo, mtoto ana daftari jipya, wageni wakija shuka safi zipo. Waswahili husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi niliviona vikielea nikadhani ni asili yake kuelea.

Jioni moja nilimkuta mke wangu amesimama jikoni, mikono juu ya sinki, hafanyi kitu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema amechoka. Nikatazama, vyombo si vingi, nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Si ungeniambia tu, ningefanya." Hakunyanyua sauti. Alisema, "Mume wangu, kukuambia nako ni kazi."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kuipunguzia akili yangu mzigo, na sikuwahi kujiuliza mzigo wa nyumba uko kichwani mwa nani. Mimi nilikuwa nafua, nafagia, natumwa naenda. Lakini nilikuwa natumwa. Yeye ndiye aliyejua sabuni imebaki kipande, viatu vya mtoto vimeanza kumbana, na chanjo yake ni lini. Mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na jozi 35 za wenzi, akaigawa kazi hii ya kichwani katika hatua nne: kuona mapema kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia zilizopo, kuamua, na kufuatilia kama kimefanyika. Kuamua kulikuwa kunafanywa na wote wawili. Kuona mapema na kufuatilia, sehemu zisizoonekana wala kushukuriwa, zilikuwa zikimwangukia zaidi mwanamke. Nilijiona mle waziwazi.

Tuliketi na karatasi. Hatukugawana kazi kama tulivyozoea, yaani wewe ufanye hiki mimi nifanye kile. Tuligawana vitu vizima, kuanzia kuvikumbuka hadi kuvimaliza. Bili za maji na umeme zikawa zangu, sabuni na vifaa vya usafi vyote vikawa vyangu, na vya shule pia. Mwezi wa kwanza sabuni iliisha usiku, mtoto yuko bafuni, povu kichwani. Mke wangu hakusema neno, na nilishukuru kwamba hakusema, maana angesema kazi ingekuwa imemrudia. Kesho yake nilijiwekea utaratibu: siandiki sabuni inapoisha, naandika ninapofungua ya mwisho. Ile ya mwisho ninaifunga raba nyekundu. Atakayeivua raba, awe nani, anaitundika kwenye msumari wa mlangoni pamoja na funguo, na siwezi kutoka bila kuiona.

Sitaki mtu asome haya akafikiri naishi kwa saa na filimbi. Nimewahi kujaribu ratiba ya kila dakika, yenye rangi, na ilikufa siku ya tatu mtoto alipopata homa. Utaratibu usioweza kuvumilia siku mbaya haufai kitu. Kwa hiyo usiku ambao nimechoka kweli, au kuna mgonjwa, au moyo mzito tu, nafanya mawili: natundika funguo, natoa nguo. Daftari halifunguki, vyombo vinalala. Dakika tatu, kisha nalala, na kesho asubuhi mtu yule mwenye ukungu machoni anakuta angalau soksi zake zipo.

Wiki iliyopita mtoto alikuja na nyundo mkononi akaniomba nimpigilie msumari wake. Nikamwuliza wa nini, na wewe huna funguo. Akasema wa kofia, kwa sababu kila asubuhi anaitafuta. Nikamwambia asimame wima kwenye fremu, nikaweka alama ya penseli usawa wa bega lake. Akageuka, akaitazama alama, akaupitisha mkono wake hewani mara mbili kama mtu anayetundika kitu, akasema hapana, ishuke kidogo. Nikaishusha.